Kinyozi wa Kwenye Simu

Jumatatu, 23 Machi

Mimi nimezaliwa na bahati, acha niandike kabisa. Leo wametangaza kufunga kwa ajili ya ugonjwa. Baa, kumbi za harusi, shule, na sisi vinyozi. Mtaa mzima wameshika vichwa. Mimi nimeshika kikombe cha chai! Nihangaike na nini? Vichwa vyote vya mtaa huu ni vyangu. Nywele hazisikilizi redio — zinaota tu. Fundi wa suti akifungiwa, wateja wake watavaa za mwaka jana. Wangu watanisubiri. Hawajui mkono mwingine. Siku tukifungua itabidi niombe polisi wa kupanga foleni.

Nimemwambia mke wangu hivyo hivyo. Akauliza hiyo bahati inapikwa au inaliwa mbichi. Huyu mwanamke!

Shemeji, mdogo wake mke wangu, anayenyoa kiti cha pili, alizikunja waya za mashine moja moja, polepole kama anamvua mgonjwa nguo. Shem, changamka, hii likizo! Akasema likizo mtu hujua inaisha lini.

Alhamisi, 26 Machi

Mama Mwenye Nyumba amekuja saluni. Nilikuwa nafagia nywele ambazo hazipo, mkono umezoea. Akakaa kwenye kiti changu kile cha kuzunguka, akajizungusha nusu, akajiangalia kwenye kioo. Mama wa watu si mbaya. Tangu afiwe na mume anaishi kwa kodi ya chumba hiki tu.

Kumbe jamaa wa mayai anakitaka chumba! Chakula hakijafungwa, yeye anauza mpaka anachoka. Nikasema mama, mayai na kiti cha kinyozi wapi na wapi? Akasema mwanangu, mimi sichagui, nachagua mlango usiofungwa. Ila nakuheshimu. Nitasubiri mpaka wawafungulie. Halafu Jumamosi ya kwanza nitakuja mwenyewe niangalie benchi lako. Likijaa watu, kaa. Likiwa tupu, usininunie.

Nilicheka! Nikamwambia mama, siku hiyo njoo na kiti chako, benchini hutapata nafasi.

Jumapili, 5 Aprili

Balaa. Fundi Viatu alinipigia goti. Nywele zinamwasha, mke hamtaki kitandani, anasema analala na beberu. Roho yangu hii ya huruma itaniua. Nikamwambia pita mlango wa nyuma, jikoni.

Nimemaliza upande wa kulia tu — ngo ngo ngo! Bwana Afya. Yule yule aliyebandika tangazo la kufunga mlangoni kwangu. Fundi Viatu akaruka na kitambaa changu shingoni, akajifungia bafuni. Mimi na mashine mkononi, inanguruma. Nikasema nasaga viungo. Mke wangu akageukia ukutani, mabega yanatikisika.

Bwana Afya hakucheka. Akasema fundi, mimi mwenyewe nafanana na fagio, unadhani sitaki kunyolewa? Nikikukuta tena nachukua mashine na leseni. Na mwambie huyo wa bafuni atoke, anakohoa kwa kujizuia kukohoa.

Fundi Viatu akatoka. Kulia bwana harusi, kushoto mfungwa. Akaondoka amejifunika taulo la watoto.

Jumatatu, 6 Aprili

Siwezi kumwacha mtu nusu. Hata gari huliachi nusu rangi. Jioni Shemeji akampelekea mashine yangu ya akiba, na mimi nikapiga simu ya video. Mkewe ndiye kinyozi, mimi ndiye macho.

Yesu na Maria! Mama, shika kama kijiko, usishike kama panga! Panda nayo, usishuke! Sasa unamkata sikio au unamtoboa? Fundi Viatu anapiga kelele, fundi niokoe! Nikamwambia nyamaza, kichwa hakitakiwi kusema.

Nikamfundisha kuweka kitana chini ya mashine, kisogo aanze na namba mbili ya mashine, juu ya sikio avute ngozi kwa kidole. Akaelewa! Kichwa kikatoka safi. Si kama changu, lakini mtu anaweza kwenda nacho dukani. Fundi Viatu akajiangalia kwenye dirisha, akasema fundi, wewe hata ukiwa mbali unanyoa.

Hata nikiwa mbali nanyoa! Nimemkariria mke wangu sentensi hiyo mara kadhaa. Amehamia chumba kingine.

Ijumaa, 17 Aprili

Sipumui. Fundi Viatu alituma picha yake kwenye grupu la wateja, sasa simu haitulii. Dereva wa Lori. Mwalimu wa Hesabu. Yule wa benki anayependa mstari wa mbele uwe kama umepigwa rula. Wote wamenunua mashine, zile za bei ya kutupa, wake zao wamesimama nyuma yao kama wanataka kuua. Na mimi katikati, bure, napaza sauti mpaka koo linauma.

Watu hawaelewi! Mke wa Mwalimu kachukua rula kweli. Mke wa Dereva kaondoa sharafa zote mbili za mashavuni, anasema zilimkera macho. Mtu mwingine kanipigia mimi nakula, kaweka simu juu ya friji, naona dari tu, ananiuliza hapa je? Hapa wapi, bwana? Nanyoa taa?

Basi nikaamua kurekodi video, niache kurudia. Nimemkalisha Shemeji, nikaonyesha kila kitu. Kisogo, masikio, mstari wa mbele, kuchonga ndevu, kupaka mafuta ili usitoke vipele. Taratibu, kama kwa mtoto mchanga. Nikamalizia, angalieni mkono wa fundi, hamtaupata kokote!

Shemeji anajipangusa shingo. Kasema shem, umewafundisha mpaka ya vipele? Hata mimi ulinificha mwaka mzima.

Nikamwambia ufundi hauingii kwa simu, unaingia kwa miaka. Hao watachezacheza tu mpaka tufungue. Akasema sawa. Akisema sawa namna ile napata hasira kuliko angenitukana.

Jumamosi, 2 Mei

Leo hakuna aliyepiga. Vizuri, nipumzike.

Jioni nikampigia Dereva mwenyewe, vipi, sharafa zimeota? Akasema zimeota na mama watoto kashazipunguza, safi kabisa, hata hatukutaka kukusumbua. Mungu akuzidishie, fundi.

Akuzidishie nini?

Jumanne, 19 Mei

Nimemkuta Shemeji njiani anasukuma baiskeli. Nyuma trei za mayai zimefungwa kwa mpira, zimepanda mpaka kichwani kwake. Anamfanyia kazi jamaa wa mayai! Huyo huyo anayeutolea macho ukuta wangu!

Nilimfokea barabarani. Msaliti, unakula na adui. Yeye macho kwenye trei, anaogopa kutikisika. Mwishoni akasema shem, nishike hapa nifunge kamba. Nikashika. Nifanye nini? Yangevunjika.

Akasema tukifungua atarudi kiti cha pili siku hiyo hiyo, wateja wakirudi. Nikasema wakirudi maana yake nini? Akasema maana yake wakirudi.

Nyumbani nimelalamika. Mke wangu alikuwa anakunja nguo. Akasema baba, wiki nzima nakutana na wanawake wa mtaa huu bombani, unajua wanaongea nini? Namba mbili kisogoni. Wanashindana! Mke wa Fundi Viatu sasa ananyoa mpaka kaka zake. Wanakusifu sana, wanasema mume wako hana choyo.

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia mapema. Akasema, mtu anayejisifu mpaka nikahamia chumba kingine, angenisikia?

Jumatatu, 8 Juni

Tumefunguliwa!

Nimeamka giza. Nimepaka ukuta chokaa, nimefuta vioo kwa gazeti, nimebadilisha balbu. Ndoo ya maji na sabuni mlangoni. Barakoa. Benchi nimeliosha mpaka likabadilika rangi. Redio juu.

Amekuja mzoa taka, kuuliza kama nina taka.

Wengine wanapita. Fundi, karibu tena! Fundi, tulikukumbuka! Wanapunga mkono, wanapita. Na vichwa! Vyote vimenyolewa. Sisemi vimenyolewa vibaya — hapo ndipo panaponichoma. Vimenyolewa vizuri. Kisogo namba mbili, ngozi ya sikioni imevutwa. Hata vipele hawana, mashetani hawa.

Shemeji alisimamisha baiskeli mlangoni, akaangalia benchi, akaniangalia mimi. Akasema atapita kesho.

Jumatano, 10 Juni

Mteja wa kwanza! Mwalimu wa Hesabu. Nikapiga kitambaa hewani, paa! Karibu mwalimu, kaa, tunaanzia wapi?

Hakukaa. Akatoa mashine yake kwenye mfuko. Imeanza kuvuta nywele, mama watoto analalamika, hebu iangalie.

Nimeifungua. Nimesafisha meno, nimetia mafuta, nimekaza skrubu. Inaimba kama mpya. Akauliza kiasi gani. Nikasema acha bwana, mwalimu, kati yetu? Akashukuru mpaka nikaona aibu.

Nimejikodolea macho kwenye kioo. Mjinga mmoja mwenye mafuta ya mashine kwenye vidole.

Ijumaa, 12 Juni

Kesho ndiyo Jumamosi ya Mama Mwenye Nyumba. Wiki nzima waliokaa kwenye kiti changu: mgeni aliyepotea njia, na mzee mmoja mjane, hana wa kumnyoa. Huyo mzee nilimnyoa kama mfalme. Nilimchonga hadi nywele za puani. Alisinzia.

Nimekwenda kwa Fundi Viatu. Nimefoka! Nikamwambia bafu langu umelijua, jikoni kwangu umepajua, nimekaripiwa na serikali kwa ajili ya kisogo chako! Yeye na sindano mdomoni. Akaitoa, akasema fundi, usiseme hivyo, sisi ni watu wako. Hali ngumu tu. Mashine ipo ndani, mke yupo ndani, mtu anaona afadhali. Sasa unataka nini?

Sikujua nataka nini mpaka niliposema. Nikasema kesho njooni mkae. Msinyolewe, mkae tu! Jazeni benchi, Mama aone, basi.

Akainuka hapo hapo na kiatu cha mtu mkononi, kwenda kuwaambia wengine. Wote wamekubali. Dereva ameahirisha safari. Nisiseme uongo, machozi yalinilengalenga. Watu wananipenda!

Mke wangu nimemwambia. Akauliza, hao watu wako, baba, umewaangalia vizuri? Nikasema sasa hivi sitaki mafumbo, nataka benchi.

Jumamosi, 13 Juni

Wamekuja wote. Benchi limejaa, Dereva amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Vicheko kama zamani. Mwalimu na Mtu wa Benki wanabishana mpira, redio inashindwa kusikika. Hata Shemeji ameegesha baiskeli nje, kaingia, kashika kitana kama kweli. Nilikuwa na furaha, sijui niseme nini. Nilisahau ni mchezo.

Mama akaingia. Akanawa mikono mlangoni, taratibu. Salamu. Shikamoo mama, benchi zima, kama darasa.

Akawapitia kwa macho kutoka huku mpaka kule. Akauliza hawa wanasubiri nini?

Mwalimu akasema zamu, mama.

Akamsogelea Fundi Viatu, akampitishia kiganja kichwani, kama mtu anachagua tikiti sokoni. Nikaona. Hapo ndipo nikaona, baada ya asubuhi nzima! Vichwa vyote vinang'aa. Wamenyolewa jana. Wanakwenda kwa kinyozi, wakaona wapendeze! Wake zao wamewatengeneza vizuri ili wasinitie aibu.

Umenyolewa lini, mwanangu?

Jana, mama.

Na nani?

Redio peke yake inaongea. Fundi Viatu anaangalia viatu vyangu. Mwishoni akasema, mke wangu, mama.

Na nyie? Benchi zima, mke wangu, mke wangu, mke wangu. Mtu wa Benki akasema dada yangu.

Mama akasema kazi nzuri. Kweli nzuri. Nani aliwafundisha?

Na hawa watu wangu, hawa wanaonipenda, hawa wapumbavu — wakaninyooshea kidole wote pamoja, na meno nje! Kwa fahari! Walidhani wananipigia debe.

Hakuna aliyecheka tena. Mama amekaa kwenye kiti changu. Amejizungusha mpaka ameangalia mlango, mgongo kwangu. Nje kuna baiskeli ya mayai. Hajasema kaa, hajasema toka. Shemeji amekiweka kitana chini bila sauti. Watu wangu hawajui waondoke au wabaki, kwa hiyo wamebaki, wameinamisha vichwa, na mimi naandika hapa pembeni nikijifanya napanga zamu.

Mgongo wa huyu mama hausemi kitu. Nywele zake za nyuma zimefumuka kidogo kwenye kitambaa, zinahitaji mkono.

Basi niandike ukweli kabla hajageuka. Sikuzaliwa na bahati yoyote. Hakuna mtu aliyekuwa ananisubiri.