Kaniki Juu ya Mota

Baba Chausiku,

Wali nimeufunika jikoni, mchuzi upashe moto. Mbuzi asiukaribie unga nilioanika. Baiskeli ya mota usiitafute. Nimekwenda nayo Zinga kumwona dada. Kaka yangu Kibwana anaendesha, mimi nimekaa nyuma.

Ndiyo, nyuma. Palepale nilipokaa jana mota ilipozima njiani, ukasema mbele za watu kwamba uzito wangu ndio ulioichemsha. Nikarudi kwa miguu.

Leo asubuhi umetoka kwenda shamba bila hata kuniaga, basi nikaichungulia. Ile kaniki nyeusi uliyoizungushia mota, na hirizi ndani, ili watu wasiitie kijicho, imeungua na kugandia kwenye chuma. Yale mapezi ya mota, vile vibati vya ubavuni, yamewekwa yapigwe na upepo, mume wangu, ndio unaoipoza. Wewe umeifunika gubigubi kama mzazi aliye ndani ya arubaini!

Nimeifunua. Tumekwenda nayo sokoni na kurudi, mimi na gunia la nazi juu yake, haikukohoa hata mara moja. Hirizi imesalimika, nimeifunga kwenye usukani. Macho ya watu itayaona vizuri zaidi kutoka huko.

~~Usiningojee, nitalala kwa dada.~~ Ningojee barazani, nitarudi kabla ya magharibi, juu ya mota, si kwa miguu. Kipande cha kaniki kilichobaki nimekifua, kiko kambani. Ukiona haya kunipokea, jifunike nacho uso.

Mkeo, yule mzito,
Mama Chausiku