Unga ya Zamzam Kwa Breki ya Afande

Feruzi,

Leo sikuiti shemeji. Umri yangu ni miaka sabini na kitu. Mama yangu hakuandika, lakini nilikuwa tayari na ndevu wakati Waingereza walinipeleka vita ya Burma. Nimeshinda vita ile. Nimeshinda Waingereza wenyewe, wao wamekwenda, mimi niko. Nimeshinda wake wawili, nimeshinda Mhindi mwenye gereji, nimeshinda malaria ile ya kunilaza Kuluva mpaka watu wa hospitali walianza kuniombea kwa sauti. Sasa nimekushinda na wewe, na ulikuwa mdogo kwangu. Kila siku ulisema, "Rajabu, mimi ndiye nitakuzika." Haya. Nani alishika jembe? Mimi.

Nakuandikia kwa mkono yangu mwenyewe. Herufi nilifundishwa na sajini kambini, sikukaa darasa, basi kama kusoma inakushinda, shida ni yako. Sikuandika kukulilia. Waliokulilia walikuwa wengi, wamejaa kiwanja mpaka barabarani. Mimi naandika juu ya breki.

Unajua breki gani.

Kwa matanga yako Adriko alikuja. Adriko yule dereva, sasa ana mvi, alitoka Pajulu na watu wa nyumba yake yote. Akasimama katikati ya watu, kofia mkononi, machozi inashuka, akasema, "Gari ilipovuja, ni huyu Feruzi alitafuta pahali inatoka mpaka akapata. Bila yeye mimi ni mifupa." Halafu akachukua mtoto ya binti yake akamwinua juu, watu wote waone. "Na huyu ndiye Feruzi mdogo!" Mtoto mkristo, amebatizwa na maji ya kanisa, na jina yake ni Feruzi! Watu wakalia zaidi. Mimi nilikuwa nimekaa pale pale na kikombe ya chai. Dada yangu Zamzam akaniangalia. Mimi nikaangalia chai.

Nilinyamaza kwa sababu maiti ilikuwa ndani ya nyumba. Sasa uko chini, na mimi nina kalamu.

Kwanza nikuambie hali, usiseme nilikuficha. Serikali imeanguka. Askari wanakimbia. Tangu juzi gari zinapita hapa Koboko mbele ya nyumba yako kwenda Oraba, godoro juu, mbuzi juu, bibi juu. Breki zinalia mpaka meno inauma. Oili inadondoka barabarani, unaweza kuifuata kama njia ya konokono mpaka mpakani, na hakuna mutu anasimama kufungua boneti. Wote wanakwenda Kaya, upande ya Sudan. Kesho asubuhi na mimi nakwenda, na Zamzam nakwenda naye. Wewe unabaki. Nani atakusikiliza hapa? Mbuzi.

Sasa breki.

Siku ile, kwa gereji yetu ya Arua. Mhindi alikuwa amefukuzwa, spea zimekwisha, duka zote zina rafu na vumbi tu. Mimi ndiye nilikuwa fundi mkubwa, usitikise kichwa huko. Afande yule wa jeshi akafika, anavutwa na lori. Gari yake ilikataa kusimama kwa mteremko, ikaingia shamba ya muhogo ya mutu. Adriko alikuwa dereva, kijana bado. Alikuwa amefungwa mikono na uso umevimba. Wakamtupa ndani ya stoo yetu, kati ya tairi za zamani, wakafunga mlango.

Afande akakaa kwa kiti yetu nzuri chini ya mabati. Unakumbuka alisema nini? "Jana mimi mwenyewe nilijaza mafuta kwa kikopo ya breki. Kwa mkono ya mimi! Ilijaa mpaka juu. Leo iko tupu. Basi mutu amekata paipu. Nyinyi mnanionyesha. Kama imekatwa, dereva iko maiti. Kama haikukatwa, nataka kuona kwa macho."

Na wewe, fundi wa watu wote, shujaa wa matanga, ulifanya nini? Uliinama chini ya boneti kama kuku anaokota mchele, ukaona paipu ina unyevu pahali imepinda, na pale pale kuna mkwaruzo. Ukapiga kelele: "Hii hapa! Kuna alama!"

Alama! Hujapangusa, hujanusa, hujauliza. Kidogo tu na Adriko amekwisha, kwa mdomo yako. Hiyo hukusema kwa sokoni hata mara moja.

Nani alikusukuma kando? Mimi. Nilisema, "Afande, huyu anaangalia pahali inadondoka. Mimi nataka pahali inatoka." Nikakukumbusha nyumba yako mwenyewe, ile ya manyasi, maji ilikuwa inadondoka kwa kitanda, ukatoboa-toboa paa yote juu ya kitanda, na tundu ilikuwa kule upande ya jiko, maji inatembea na mti ya paa mpaka kwa mto yako ya kulalia. Askari mmoja alicheka. Afande hakucheka.

Nikaosha injini na maji moto na sabuni. Nikapangusa paipu yote na tambara, kutoka juu mpaka chini, ikakauka kabisa. Halafu nikamwita Zamzam. Alikuwa amekaa kwa lango na ungo yake, anauza unga ya muhogo.

"Zamzam, lete unga."

"Kaka, unga ni ya kula! Watoto wangu watakula gari?"

"Lete unga, mwanamke!"

Akaleta, na matusi juu yake kama chumvi. Nikanyunyiza unga juu ya paipu yote, juu ya silinda ya breki, chini ya kikopo, mpaka injini ilikuwa nyeupe kama mutu ametoka kusaga. Nikamimina ndani ya kikopo ile mafuta kidogo ilikuwa imebaki kwa chupa ndani ya gari ya Afande. Wewe nikakuweka ndani ukanyage breki, kwa sababu kazi ile haitaki akili. "Pompa! Pole pole! Pole pole nimesema, hii si baiskeli ya baba yako!"

Nikangoja. Nilikuwa nimeweka uso karibu mpaka unga iliingia pua. Pale kwa mkwaruzo, kweupe. Kukavu. Unga imeingia mpaka ndani ya mkwaruzo na imekaa. Halafu nikaona juu, chini ya kikopo, unga inakuwa nyeusi. Mstari mwembamba. Ukashuka kwa silinda, ukapata paipu, ukatembea na paipu pole pole kama mate kwa kidevu ya mtoto amelala, ukafika pahali imepinda, pale kwa mkwaruzo yako. Ndiyo ikadondoka.

Hakuna mutu alikata kitu. Ilikuwa mpira ya chini ya kikopo. Nikaitoa. Imevimba kama mdomo ya mutu ameumwa na nyuki, imekuwa laini, inapasuka na kidole. Na mimi nikajua kwa nini mpira inavimba hivyo. Nikachukua ile mafuta kwa kidole, nikatia tone ndani ya kibuyu ya maji ya Zamzam. Mafuta ya breki ya kweli inaingia ndani ya maji inapotea. Hii ikakaa juu, inang'aa, kama mafuta ya mchuzi. Oili ya injini, Feruzi. Mutu alikosa mafuta ya breki, kwa sababu haikuwa kwa duka yote ya Arua na Koboko, akamimina oili ya injini, na oili ile ikala mpira.

Na nani alikuwa amejisifu kwamba alijaza kwa mkono yake mwenyewe?

Nikasimama. Nikapangusa mikono. Nikafungua mdomo kusema kitu moja tu, "Afande, ni wewe." Kwa sababu ilikuwa kweli, na mimi sijafundishwa kumeza kweli. Nimefika "Afande, ni..." na wewe ukanikanyaga. Na buti! Mimi nilikuwa na sandali ya tairi, kidole iko nje. Kucha ile mpaka leo inaota imepinda kama pembe ya kondoo.

Ukapita mbele yangu, ukasema, "Afande, nimeona. Mimi Feruzi. Ni mpira tu, imezeeka. Haikukatwa."

Nimeona! Mimi Feruzi!

Afande akaja, akaangalia ile mstari nyeusi ndani ya unga, akaangalia ule mkwaruzo mkavu, akaangalia mpira mkononi mwangu. Zamzam akachukua kibuyu yake akamwaga maji nyuma ya tairi, haraka. Sikumwambia amwage. Afande akakuuliza, "Wewe umeona?" Ukajibu, "Mimi." Akasema, "Basi tengeneza. Na wewe utakaa kiti ya mbele, mimi nyuma yako, mpaka Koboko. Ikikataa tena kwa mteremko, nitakupiga risasi kabla ya kufa mimi."

Na wewe ukacheka. Ukacheka, Feruzi! Ukasema, "Vizuri, Afande, nilikuwa natafuta gari ya bure kwenda kwetu."

Kazi nani alifanya? Mimi na wewe, sawa, hiyo nakupa. Tulitoa mpira nzuri kwa gari moja mfu nyuma ya gereji. Tulifungua silinda, tukasafisha oili yote mpaka tone ya mwisho. Mafuta ya breki tulinyonya kwa magari mfu kwa mdomo, na bomba, tukatema, tukanyonya. Chakula ilikuwa chungu kwangu wiki nzima. Halafu wewe ndiye ulikwenda kufungua stoo. Nilikuwa chini ya gari, nilisikia kwa masikio yangu: "Adriko, toka. Nimeona, haikukatwa." Na yule mtoto akashika miguu yako. Miguu YAKO. Mimi nilikuwa nafunga nati.

Gari ikaondoka, Adriko kwa usukani, Afande nyuma, wewe mbele. Ulipunga mkono kama bwana arusi. Nilisimama kwa lango. Zamzam alikaa na ungo yake mpaka jua imeshuka, watu wanauliza unga, hajibu. Na mimi hakunisemesha. Mpaka leo sijui nilifanya kosa gani.

Siku ya pili ukarudi juu ya lori ya makaa, mweusi kama sufuria, na sukari ya Afande ndani ya kofia. Sukari, wakati ule! Nikaja nyumbani kwako na spana kukupasua kichwa. Ukaniwekea kikombe. Ukasema, "Kaka, kama ningekuacha useme, nani angekunywa hii chai?"

Nilikunywa. Chai ni chai. Haimaanishi nilikubali.

Halafu ukaanza. Kwa sokoni, kwa arusi, kwa msikiti baada ya sala. Mwaka ya kwanza ulisema "sisi." Mwaka ya pili "mimi." Halafu unga ikapotea kabisa kwa hadithi, ukasema ulisikia pahali inavuja kwa sikio. Kwa sikio! Mafuta inalia kama paka? Watu wanafungua mdomo, na mimi nimekaa pale pale, kidole inaniuma.

Watu wanasema Afande yule angeniua. Hawanijui. Mimi nilimwambia meja wa Kiingereza, usoni, kwamba ramani yake iko kichwa chini, na akaigeuza. Afande angesikia kweli, angeniheshimu. Na kama angesema mimi nikae mbele, ningekaa. Ningekaa na mguu moja juu ya nyingine. Gari ilikuwa na kiti moja ya mbele, Feruzi, na ulikimbilia wewe. Uliiba kazi yangu, halafu uliiba na kiti yangu. Hakuna mutu alikutuma.

Hakuna mutu alikutuma.

Basi. Nimepanga mawe juu ya kaburi yako, kubwa-kubwa. Usifikiri ni heshima, ni kwa ajili ya mbuzi. Nimefunga mlango ya nyumba yako na waya. Zamzam amebeba ungo, godoro, na kofia ile ya sukari. Nilimwambia aiache. Ameivaa.

Naahidi hivi, na mimi sisemi kitu halafu nikaacha. Siku tutarudi kutoka Kaya, kabla sijaangalia kama nyumba yangu iko, nitakwenda Pajulu kwa mguu. Nitamkalisha Adriko, nitamwambia juu ya unga, na mstari, na kibuyu. Mtoto abaki na jina yako, sawa, mimi sinyang'anyi mtoto jina. Lakini anayefuata aitwe Rajabu.

Kwaheri. Lala pale pale nilikuweka, usinitafute mbio mbio, bado nina kazi.

Kama kuna mutu anafikiri nadanganya, ashuke Kaya amuulize Zamzam, dada yangu, mke yako. Unga ilikuwa yake na macho ilikuwa yake. Jana nilimwambia, ukiulizwa, sema nani alipata pahali ilivuja. Akasema atasema. Akasema pia atasema nani alikaa kiti ya mbele. Nimemkataza. Hasikii. Umekaa naye muda mrefu sana.

Mimi Rajabu, fundi.