Motokaa ya Ndugu Wawili

Jumapili, 10 Machi 1957

Tumechelewa kanisani tena. Ile motokaa! Wimbo wa pili umeshaanza ndipo tunaingia — mume wangu, baba Eliaichi, mikono myeusi kwa grisi, mimi gauni limenata mgongoni kwa jasho. Nilisukuma kutoka nyumbani mpaka karibu na stesheni. Mwanamke mzima, na kofia yangu ya kanisani kichwani!

Mtu angeniuliza ni yetu au si yetu, ningeshindwa kujibu. Nusu ni ya Fanueli mume wangu, nusu ni ya Hezroni kaka yake. Waliinunua pamoja kwa Mwingereza wa shamba la mkonge aliyekuwa akirudi kwao. Motokaa ya kabla ya vita, nyeusi, taa kama macho ya bundi. Fanueli anasema Same nzima hakuna gari la maana kama hili. Hezroni anasema ni sufuria lenye magurudumu. Mimi sina nusu. Mimi ni msukumaji.

Jumatano, 13 Machi

Hezroni kaja saa ya chakula. Anataka liuzwe, apate fungu lake aingie ubia wa lori la kubeba mpunga wa Ndungu. Mnunuzi kapatikana, Anaeli wa Kifaru. Anataka injini tu, aendeshee mashine ya kusaga. Na bodi? Bodi watalala kuku, kasema Hezroni, na akacheka.

Fanueli kasukuma sahani. Kuku! Akaanza hotuba yake. Chuma cha siku hizi ni karatasi. Lile gari jipya refu la mwenye duka lilizama kwenye tope la Kisiwani na likalala huko, letu likapita pembeni yake likikohoa tu. Ngozi ya viti ni ngozi kweli. Watu wanalidharau kwa sababu hawana macho.

Hezroni kauliza, na ule mkono wa chuma ubavuni wa kuonyesha kona, kwa nini hautoki mpaka mtu aupige kofi?

Unatoka, kasema Fanueli. Ukiupiga.

Niliosha vyombo nikijiambia, lingekuwa langu ningeliuza jana.

Jumamosi, 16 Machi

Tuko Gonja, kwa mama mkwe. Tumekuja kumchukua akaonwe nyonga hospitali ya Same. Njiani maji yalichemka mara nisizoweza kuhesabu. Kila kona Fanueli anashuka, anafungua boneti, anaongea nalo taratibu kama anambembeleza mtoto mwenye homa. Mimi hajanibembeleza hivyo tangu tuoane.

Mama katuona, na cha kwanza kuamkia ni gari! Nikamwambia, "Shikamoo mama." "Marahaba, marahaba," huku anapapasa mlango. Kanieleza kisa chake. Mwaka jana Hezroni alimpandisha kwenye lori, wanaume wakambeba juu juu kama gunia la kahawa, nguo imepanda, vijana wanatazama. Alilia. Hili mlango wake unafunguka kwa mbele, kiti kiko chini. Anaketi kwanza, kisha anaingiza miguu mwenyewe.

"Hapa naingia kama mtu," kasema.

Sikuwa nimelifikiria hilo. Lakini bado lilichemka.

Jumatatu, 18 Machi

Mwandiko mbaya leo.

Asubuhi tulikuwa tuondoke. Betri kimya. Fanueli kachukua hendeli ya kuwashia, kazungusha — injini ikapiga teke, hendeli ikarudi kinyume na kumvunja mkono. Niliusikia mfupa. Akakaa chini kwenye majani, uso kama majivu. Mama anapiga kelele kwa Kipare. Wingu zito linakuja kutoka upande wa mlima Shengena, na mvua ikinyesha ile barabara haishukiki.

Dereva mwingine hakuna. Nikafunga mkono wake kwa kanga yangu na vijiti viwili. Nikamwambia, nitaendesha mimi.

"Wewe?"

Mwaka jana alinifundisha kidogo uwanja wa mpira. Tuligombana, nikashuka, nikarudi kwa miguu. Basi. Hayo ndiyo masomo yangu. Lakini kukaa pembeni yake siku zote hizi, kumbe miguu yangu inajua.

Jirani alizungusha hendeli, kidole gumba nje isije ikamvunja naye, kama Fanueli alivyomwelekeza. Likawaka! Nikashuka na gia ya kwanza kona zote mpaka Maore. Fanueli kila tuta anauma meno. Mama nyuma anasali, kisha anasema kata kulia, kisha anasali. Breki zilinuka. Nililitukana gari lile kwa matusi nisiyojua kuwa nayajua, nalo likaendelea kushuka, polepole, limeishikilia njia kama mbuzi wa mlimani.

Baada ya Kisiwani mvua ikatukuta. Kwenye korongo lori limekwama katikati, maji yanakuja. Ng'ombe wamejaa ng'ambo, na mwenye ng'ombe, Mmasai aitwaye Sendeu, kasimama majini akipima kwa fimbo. Kanionyesha, pita huku, hapa kuna mawe. Nikauliza, litapita? Kasema ni jembamba, na halina haraka, litapita.

Nikafumba macho. Hapana — jicho moja tu. Likapita! Watu wa lori wakapiga mayowe. Nikalia mpaka Same nikiwa nimeshika usukani, na Fanueli, na maumivu yake yote, kasema: badilisha gia, mama Eliaichi, unaliumiza.

Unaliumiza!

Alhamisi, 21 Machi

Mkono umefungwa plasta. Mama kaambiwa arudi Jumamosi apimwe tena.

Hezroni kaja, kaona plasta, kapata alichokuwa anatafuta. "Limekuvunja mkono, kesho litaua mtu. Jumamosi Anaeli anakuja." Na Fanueli, huyu huyu wa hotuba, kaangalia ukuta kasema: liuze.

Nilidhani nitafurahi. Nimechoshwa na gari hili kuliko yeyote! Lakini nikasikia sauti yangu ikisema, na mama atapandaje? Kama gunia?

Hezroni kasema kwa upole, ule upole wake wa kukera: "Shemeji, haya ni mambo ya wenye mali. Wewe una nusu ipi?"

Fanueli kimya. Ndicho kilichoniudhi zaidi. Si gari. Kimya chake.

Jumamosi, 23 Machi

Naandikia ndani ya gari, daftari juu ya usukani.

Nilimwingiza mama nyuma tuende hospitali. Kabla injini haijawashwa, Anaeli kafika na lori, na mnyororo wa kulivuta. Mtu mstaarabu, kanivulia kofia. Kasema pole mama, alidhani mzigo uko tayari. Nikamwambia uko tayari, tena una watu ndani. Radieta inavuja. Gia ya pili inaruka. Litakusumbua mpaka ujute. Namwambia ukweli mtupu, na kila ninapousema nazidi kulipenda, ujinga gani huu!

Hezroni anagonga kioo. "Shemeji, shuka." Nimefunga mlango. Kamgeukia mama yake. Mama kasema, nishushe wewe, baba, kama ulivyonibeba siku ile. Hezroni katazama viatu vyake.

Sasa kamwendea Fanueli barazani. Nawasikia. "Mwambie mkeo ashuke! Si ulikubali?" Fanueli kainuka. Anakuja. Anatembea taratibu, plasta imening'inia kifuani. Kafungua mlango wa kushoto kwa mkono mzima. Kaingia. Kaketi pembeni yangu, anatazama mbele.

Anaeli kauliza, jamani, niongee na nani?

Hezroni kauchukua mnyororo mwenyewe. Nyuma yetu nausikia ukigonga bampa, na sisi watatu hatushuki —