Gari Lililokataa Kilima

Ileje, milimani
17 Novemba 2013

Mdogo wangu Lucky,

Habari za Mpemba? Germana na watoto hawajambo? Sisi huku tunaamka. Mgongo wa shemeji yako Enesi bado unamsumbua, kifua changu kimetulia, na mwanao Tupokigwe tumbo linaonekana sasa. Anakusalimu, anasema baba yake mdogo amemsahau.

Nakuandikia kwa sababu kila nikikupigia simu unaniambia uko kwenye foleni ya malori mpakani, halafu inakatika. Karatasi haikatiki.

Gari uliloniuzia limeanza vituko. Kiangazi chote nilikuwa nawaambia watu hapa kwamba Tunduma kuna wezi, lakini mdogo wangu hayumo. Sasa mvua ya kwanza imenyesha. Nikapanda kile kilima cha udongo mwekundu juu ya daraja, tairi likateleza kidogo tu, injini ikanywea. Nakanyaga mafuta, haliitikii. Nakanyaga mpaka chini, linaguna kama mzee aliyeamshwa, breki zinajikamata zenyewe, trrr, trrr, na gari linasimama. Kwenye dashibodi hakuna taa yoyote iliyowaka. Abrahamu mwenye duka alikuwa nyuma na magunia yake, akasema, "Mwalimu, gari limegoma. Lisomee zile makala zako za gazetini, labda litaelewa." Wakacheka wote, wakashuka kusukuma.

Mimi sikucheka. Wenye gari hili huko Japani walilitumia mpaka wakalichoka, wakalipandisha meli, likashuka Dar es Salaam, na sisi tukalipokea kwa sala kana kwamba limezaliwa siku hiyo. Soko huria, tukaambiwa. Huru ni nani? Anayeuza yuko huru kuuza, na sisi tuko huru kusukuma. Enzi za foleni za sabuni angalau tulijua hatuna sabuni. Leo kila kitu kipo, na hujui ulichonacho.

Lakini sikuandikii kwa ajili ya siasa. Tupokigwe anatazamiwa kujifungua Februari, katikati ya mvua. Mume wake yuko machimboni huko Galula. Hospitali ya wilaya iko ng'ambo ya kilima hicho hicho, na nimekwisha sema mbele ya wakwe zake kwamba binti yangu atakwenda kwa gari la baba yake. Kwa hiyo niambie: gari hili lina nini?

Kaka yako,
Andongwisye


Mpemba, Tunduma
8 Desemba 2013

Kaka Andongwisye,

Shikamoo. Muli shani, kama wanavyosalimiana wenzetu wa Nakonde. Sisi wazima, ila vumbi la malori limempa Germana mafua yasiyokwisha. Kwa mgongo wa shemeji, dereva aliyeleta barua hii ana dawa ya kuchua. Achuliwe jioni, akae mbali na upepo.

Kuhusu gari, punguza hasira. Gari ni zima. Kabla halijaja kwako lilipita mikononi mwa fundi Watson, na nusu ya magari ya Tunduma yanatembea kwa ajili yake. Shida ni udongo wenu na tairi zilizokwisha. Tena, samahani kaka, wewe unaendesha kama unavyohutubia: unakanyaga kuanzia mwanzo mpaka mwisho, hupumui. Weka matairi ya kashata, yale yenye meno makubwa, utapanda mpaka mbinguni.

Na hayo ya meli na soko huria waandikie wahariri, mimi niache. Hilo soko unalolitukana ndilo lililonilisha. Wewe ulifaulu, ukapata ualimu. Mimi nilifeli darasa la saba, nikapata mpaka. Magari haya yasingekuja, Tupokigwe angepelekwa kwa machela, watu wanne wakipokezana, kama alivyopelekwa mama alipokuwa na mimba yangu.

Msalimie mwanangu. Mwambie sijamsahau.

Mdogo wako,
Lucky


Ileje
19 Januari 2014

Mdogo wangu Lucky,

Heri ya mwaka mpya, ingawa umeshazeeka. Dawa ya kuchua imefika na shemeji yako anainama tena shambani. Germana amepona mafua?

Nimenunua kashata mbili, nimezifunga nyuma. Ndivyo tunavyofanya wote huku: mzigo uko nyuma, basi nguvu iwe nyuma. Mbele zimebaki zile ndogo za zamani. Tangu siku hiyo gari limeingiwa na pepo. Sasa halingoji hata tope. Kwenye njia kavu, tambarare, linajikamata ghafla kama limeona nyoka.

Jumapili nilimpakia mchungaji na mke wake Anastazia. Likajikamata. Mchungaji akauliza, "Mwalimu, umekanyaga breki?"

"Sijakanyaga."

"Basi amekanyaga nani?"

Anastazia akadakia, "Mungu. Amechoka na siasa za mwalimu."

Tulicheka, hata mimi. Lakini Tupokigwe alikuwa kiti cha nyuma, ameshika tumbo kwa mikono miwili, na yeye hakucheka.

Karibu na usukani kuna vitufe vyenye maandishi ya Kijapani. Nimesoma vitabu vingi maishani, Kijapani hapana. Nilibonyeza kimoja, vioo vya pembeni vikajikunja. Vingine ni vya nini?

Sasa nakuuliza kama kaka, si kama mteja. Kuna kitu unakijua kuhusu gari hili ambacho mimi sikijui? Jibu ndiyo au hapana. Mwezi ujao nitampakia mtu ambaye akiharibika sina wa kumweka mahali pake.

Kaka yako,
Andongwisye


Mpemba
2 Februari 2014

Kaka,

Shikamoo. Germana amepona, asante. Poleni na mvua, tunasikia huko inanyesha mchana kutwa.

Ndiyo au hapana ni maneno ya mahakamani, na sisi ni ndugu. Gari ni zima. Nitakuja na Watson mwenyewe alikague, ila si sasa. Malori yamejipanga mpaka huku Mpemba, wateja wangu wa Zambia wananisubiri, nikitoka wataenda kwa mwingine. Mwisho wa mwezi, Mungu akipenda. Mpaka hapo vitufe usivichezee, utaharibu vitu vya umeme. Kilima ukipande taratibu.

Mdogo wako,
Lucky


Ileje
30 Machi 2014

Lucky,

Leo sikusalimii.

Mwisho wa mwezi ulipita na hukuja. Hukuja hata kwenye msiba. Ulimtuma mkeo na mfuko wa sukari. Yeye alilia na wanawake wenzake, Mungu ambariki. Sukari bado iko kabatini, hakuna anayeigusa.

Kwa kuwa hukuwepo, nitakueleza. Uchungu ulimshika asubuhi, ukungu bado uko chini. Tulimlaza kiti cha nyuma, kichwa mapajani mwa mama yake. Nilipofika kilimani injini ikanywea. Vijana wakasukuma, likapanda kidogo, likajikamata. Wakasukuma tena, likajikamata tena. Nilikanyaga, nikalitukana, nikaliomba. Tupokigwe akasema, "Baba, nishushe nitembee." Nikamwambia vumilia, linashika sasa hivi. Akasema tena, "Baba, nishushe." Mtoto alizaliwa pale pale, juu ya kitenge cha Enesi, wa kiume, kitovu kimemzunguka shingoni. Hakulia. Tulipofika hospitali, tumesukumwa na kijiji kizima, muuguzi alimtazama, akatuambia kwa upole kwamba kitovu cha namna ile wanakifungua mara nyingi. Ilitakiwa tu tufike.

Baada ya kuzika nililipeleka gari Isongole. Fundi akafungua dashibodi, akaniita nione. Kila picha ina taa yake nyuma. Nyuma ya picha ya gari linaloteleza kuna tundu tupu. Taa imeng'olewa. Akanieleza nilichopaswa kuelezwa na wewe: gari hili lina mfumo wanaouita traksheni, unalinda tairi zisiteleze. Ukiona gurudumu moja linakimbia kuliko wenzake, unalifunga breki na kuipunguzia injini nguvu. Sensa ya gurudumu la mbele ni mbovu, inaupa mfumo habari za uongo. Taa ingekuwepo ingewaka tangu siku ya kwanza, nami ningeuliza. Na kitufe cha kuzima mfumo wote kipo, karibu na usukani. Unakibonyeza, gari linaacha ubishi, linapanda. Kitufe kimoja, Lucky. Ulinikataza nisikiguse, kwa sababu ungenieleza kitufe ungelazimika kunieleza na taa.

Mwizi wa zamani aliiba kitu. Nyinyi mnaiba onyo. Hiyo ndiyo biashara yenu, na ndivyo tunavyotawaliwa pia: kinachowaka king'olewe, mteja asiogope. Mwandishi akisema daraja lina ufa, mwandishi anahamishwa, ufa unabaki. Nimepiga kelele miaka ishirini juu ya watu wa namna hiyo, nikidhani wako Dodoma na Dar es Salaam. Kumbe nimelala nao kitanda kimoja utotoni.

Andongwisye


Mpemba
27 Aprili 2014

Kaka,

Shikamoo, hata kama hutaitikia. Mpe pole shemeji. Kwa Tupokigwe sijui niandike nini.

Ndiyo, Watson aliitoa taa. Aliitoa kabla sijajua gari litakuwa lako, na lilipokuwa lako nilinyamaza. Hapa mteja akiona taa ya njano imewaka anahamia kwa jirani, na jirani naye keshang'oa zake. Watson alisema ni sensa tu, haina madhara. Nilitaka kuamini, nikaamini. Kwenye msiba sikuja kwa sababu niliogopa. Umefurahi?

Lakini hunitwishi peke yangu. Gari lenye mfumo ule, ukilifunga tairi kubwa nyuma na ndogo mbele, zile ndogo zinazunguka haraka zaidi, nalo linadhani zinateleza muda wote. Ndiyo maana lilianza kujikamata hata kwenye njia kavu. Nilisema weka kashata, sikusema weka mbili. Fundi wako wa Isongole hakukuambia hilo? Au alikuambia, ukaliruka ulipokuwa unaniandikia?

Na kuna jingine ambalo pia umeliruka. Januari Tupokigwe alinipigia simu akasema, "Baba mdogo, hili gari naliogopa. Naomba nije nikae kwenu mpaka nijifungue." Germana akatandika kitanda. Ukamkatalia. Ulimwambia, "Wakwe zako watasema nini? Nina gari limesimama nje, halafu binti yangu akajifungulie kwa watu?" Kwa watu, kaka. Mimi ndugu yako ni watu. Unawasuta wakubwa kwenye magazeti kwa kupenda kuonekana. Wewe ulitaka kuonekana na nani, pale kilimani?

Mimi nilinyamazia taa ya kioo. Mtoto alikuambia kwa mdomo wake kwamba anaogopa.

Lucky


Mpemba
11 Januari 2015

Kaka Andongwisye,

Shikamoo. Habari za siku nyingi? Afya ya shemeji? Sisi tupo. Germana aliugua, sasa anatembea.

Hukunijibu tangu Aprili na sikulaumu. Niliandika maneno makali. Sikuyasema kwa uongo, lakini si yote ya kweli lazima yaandikwe.

Germana amesikia sokoni kwamba Tupokigwe ana mimba tena. Chumba bado kipo. Nitakuja mwenyewe kumchukua kabla mvua hazijazidi, na gari zima, nimelijaribu mimi kwa mikono yangu. Na kama atataka gari lako, nimesikia umelitengeneza, basi atumie lako. Yeye achague, sisi tufuate. Nijibu, kaka. Hata tusi nitalipokea.

Mdogo wako,
Lucky


Ileje
3 Mei 2015

Mdogo wangu Lucky,

Marahaba. Marahaba na ya Aprili ile ambayo sikuiitikia. Shemeji yako hajambo, mimi kifua kimerudi. Pole kwa Germana.

Barua yako nilimsomea Tupokigwe, na zile za nyuma pia, zako na nakala za zangu. Alikuwa anachambua maharage. Nilipomaliza akauliza, "Ndiyo zote?" Nikasema ndiyo, na baba yako mdogo anangoja jibu. Akasema, "Ni taa, ni tairi, ni taa, ni tairi. Mwanangu nilimshika. Alikuwa na nywele nyingi. Hakuna hata mmoja wenu aliyeniuliza alifananaje."

Nikamuuliza, alifananaje?

"Umechelewa, baba." Akaendelea na maharage.

Machi alifunga nguo zake, akakipanda kile kilima kwa miguu, tumbo mbele, mvua inanyesha. Nikatoa gari, nikamfuata nyuma pole pole, dirisha wazi, nikimsihi aingie. Sensa ni mpya, matairi yote manne yanalingana. Gari lilipanda bila kuguna. Abrahamu alisimama mlangoni mwa duka lake akatutazama, na safari hii hakuwa na utani. Tupokigwe hakugeuka hata mara moja. Nilipokaribia sana alihamia ukingoni mwa njia, anipishe nipite.

Alipanga chumba karibu na hospitali, kwa mjane mmoja anaitwa Ruti, mtu tusiyemjua kabisa. Kitanda alichotandika Germana akilalie mwingine.

Amejifungua, wote wazima. Ni wa kike. Ruti ndiye aliyetuletea habari. Shemeji yako alikwenda, akapokelewa, akalala huko. Mimi nilifika mlangoni na kuku na kitenge kipya. Ruti akatoka, akavipokea kwa adabu kabisa, akasema, "Mzee, mama mtoto anasema asante kwa kuja." Kisha akafunga mlango.

Nilikaa ndani ya gari nje ya ua mpaka watu wakaanza kunitazama, nikarudi.

Usije, mdogo wangu. Hata ukija na gari zima. Enesi anasema mtoto ana sauti kubwa. Jina lake hatujaambiwa.

Kaka yako,
Andongwisye