Uji wa Soya na Vidonge vya Mama

Mwenzangu uko wapi? Nimetoka kliniki na mama sasa hivi, nimechoka mpaka basi.

Daktari kamuuliza, "Mama, hii dawa ya tezi ya shingo unaimeza na nini?" Mama kwa maringo: "Na uji wa soya, kila asubuhi." NA UJI WA SOYA!! Daktari akaweka kalamu chini.

Akatueleza taratibu. Soya si sumu, ina protini, hata kwa moyo ni nzuri. Ila ukiichanganya na dawa hiyo, inaizuia isiingie mwilini sawasawa. Ameze kwa maji, tumbo tupu, uji baadaye sana.

Kumbe! Ndiyo maana ule uchovu wa mama, ile baridi anayosikia, nywele kunyonyoka mwaka mzima! Nikajua tumepona.

Kwenye teksi mama akanigeukia. Mara: "Kwa hiyo dawa ilikuwa hainisaidii?" Nikamwambia ndiyo mama, kwa sababu ya uji.

"Dawa inayoshindwa na uji itauweza ugonjwa?"

Itauweza ugonjwa, ananiuliza mimi!

Nimebembeleza mpaka sauti imekauka. Sasa yuko jikoni anakoroga uji wake. Vidonge kavimwaga chooni. Nimesikia akivuta maji.