Kikapu cha Mama Kulwa

Jumatano

Niliandika uongo, na leo mwalimu wa historia ameusoma mbele ya darasa zima. Bibi aliniambia wazi kwamba nakshi nyeusi za kikapu chake alifundishwa na Mama Kulwa, jirani yetu Msukuma. Nikaona haitoshi kwa kazi ya darasa kuhusu asili yetu. Nikaandika ni urithi wetu sisi Wandamba tangu mababu.

Kulwa ninakaa naye dawati moja. Makofi yalipoisha akaninong'oneza, "Hongera, mjukuu wa mababu. Nimwambie mama alijifunza kwenu?"

Sikumjibu.

Kesho kikapu kinaenda kwenye maonyesho pamoja na karatasi yangu. Nimeiandika upya, lakini kumkabidhi mwalimu… hata shikamoo huwa naitoa kwa shida. Nikishindwa, Kulwa atakuwa ameniona nikinyamaza mara ya pili.