Nivi Anabisha Hodi

Ottawa, 6 Februari

Kwako Mama Elisapee,

Nakusalimu sana, na goti lako nalo nalisalimu. Limepoa? Mimi mzima. Mtoto anapiga mateke mpaka kikombe cha chai nikikiweka juu ya tumbo kinamwagika. Presha imeshuka kidogo, ila daktari amenikataza kurudi Pangnirtung mpaka nijifungue. Basi nipo hapa kwenye nyumba ya wagonjwa wa huko kwetu kaskazini kwenye barafu, chumba kimoja na Leetia anayetibiwa figo. Barua hii anakuletea mume wake. Simu ipo, ukutani koridoni, lakini ukiishika tu wamama wote wanazima televisheni ili wasikilize.

Mama, mume wangu Davidee kaniambia kwamba umeota ndoto juu ya marehemu Nivi, na juu ya jina lake. Halafu akaanza habari za samaki. Unamjua, akikwepa jambo ni kubwa. Nikaona nikuulize wewe mwenyewe, maana wewe ndiye uliyemzaa Nivi, na mimi ndiye niliyeolewa baada yake.

Na langu niliseme mapema. Mtoto ni wa kike, na jina nimeshalipata. Kwetu Ufilipino wazazi huchukua vipande vya majina yao wakaviunga. Baba yangu Mario, mama yangu Celia, ndiyo mimi Maricel. Basi huyu ni Maridee: Mari ya kwangu, Dee ya Davidee. Nimeshalitarizi kwenye kofia yake. Ni jina dogo la watu wawili, Mama, wa tatu hana pa kukaa.

Usinielewe vibaya.

Mwanao,
Maricel


Pangnirtung, 13 Februari

Mwanangu Maricel,

Salamu zimefika, goti limeitikia. Sisi wazima. Davidee nilimpelekea mkate wa kukaanga, akala vipande vitano akiwa amesimama. Kila siku anapiga deki kana kwamba unarudi kesho.

Ndoto ni hii. Nivi alikuja na theluji mabegani. Hakuja kwangu niliyemzaa, wala hakumfuata Davidee. Alisimama mlangoni kwenu, akabisha hodi, ukatoka wewe na tumbo lako, akakwambia, "Nina kiu." Basi. Kwetu, marehemu akimwomba maji mwenye mimba, anaomba mtoto apewe jina lake. Anataka kukaa tena na watu. Wala hatusemi mtoto amefanana naye. Ni yeye. Mimi nitamwita binti yangu na kumshonea viatu. Davidee atamwita mke wangu. Nimeshamtania, nikamwambia ajiandae, safari hii mke wake atamkojolea. Alicheka, mara ya kwanza tangu uondoke.

Wanawake wawili waliniomba jina hilo, nikawanyima, nikingoja Nivi mwenyewe aseme. Miaka mitatu nalitamka peke yangu, jikoni.

Mpe maji, mwanangu.

Mama yako,
Elisapee


Ottawa, 18 Februari

Mama Elisapee,

Hujambo. Mimi sijambo ya kusema tu.

Alicheka. Barua yote nimeisoma, nikabaki na neno hilo. Mwaka na nusu wa ndoa nampikia, namtania, namchezea ngoma jikoni na mwiko mkononi, ananitazama tu kwa huruma. Wewe umemtajia mke wake, akacheka.

Acha niyatoe, nisipoyatoa presha itanipanda bure. Nyumba yangu watu wanaiita kwa Nivi. Mtu ananiuliza, "Unaelekea kwa Nivi?", na ufunguo uko mkononi mwangu. Kabatini kuna kikombe cha bluu, Davidee hakinywei wala hakitupi. Nikasema huku Ottawa nitapumua. Wapi! Leetia aliugua hapa pamoja na Nivi. Ananisimulia Nivi alivyokuwa akiwaiga madaktari mpaka wauguzi wanashika mbavu. Na kitanda ninacholalia, Mama, kilikuwa chake. Leetia aliniambia kama ananipa zawadi. Nilikwenda nikageuza godoro.

Mke mwenza aliye hai una nafuu naye. Utamwona amenuna, ameunguza wali, amenenepa. Huyu wenu haunguzi wali, hazeeki, hakosei. Na sasa mnataka nimzae. Wapi umesikia mwanamke akamzaa mke mwenzake, akamnyonyesha, mume amesimama pembeni anamwita mke wangu? Na mimi ataniita nani?

Jina la mwanangu ni Maridee. Ndoto ni yako, ota utakavyo. Tumbo ni langu.

Maricel


Pangnirtung, 1 Machi

Maricel,

U hali gani? Mimi nilikasirika. Barua yako niliifunika kwa birika siku kadhaa nisiione. Majibu matatu niliyaandika, yote nikawashia jiko.

Umenipa ukweli, chukua na wangu. Nivi alipokuwa mgonjwa huko, Davidee alikuwa anakula kila jioni kwenye ile hoteli ya hapa ulikokuwa mpishi, kwa ajili ya uji wako wa wali na kuku na tangawizi. Kula tu. Mji huu mdogo, kingekuwepo kingine ningejua. Nivi akanipigia simu: "Mama, nani anampikia mume wangu?" Nikamwambia bibi mmoja mzee, hana hata jino. Akasema, "Bibi gani huyo anayemsahaulisha Davidee kunipigia simu?"

Alikuonea wivu hajawahi kukuona. Na mimi nikakuchukia kwa niaba yake. Ule mkate wa harusi yenu uliokuwa na chumvi nyingi, haikuwa bahati mbaya.

Ndiyo maana ndoto ile ilinishtua. Milango yote ya mji huu, akaenda kubisha kwako.

Lakini jina halipachikwi kwa nguvu, litamwelemea mtoto. Maridee ni zuri, mwite. Ruthie wa duka la ushirika, mliyepakana naye ukuta, anajifungua mwezi huu hospitali ya Iqaluit, naye ameniomba jina la Nivi. Nimekubali. Davidee ameahidi kumpelekea mtoto samaki na glavu, na kupita kumjulia hali kila Jumapili, kama inavyompasa mume. Kwa hiyo tulia, hayatakuwa nyumbani kwako.

Presha uiangalie.

Mama Elisapee


Ottawa, 8 Machi

Mama yangu Elisapee,

Nakuamkia kwa heshima zote, na kwa aibu kidogo. Amezaliwa tarehe tatu, kilo tatu na robo, nywele tele. Mimi ni mzima, nina mshono tu.

Barua yako niliisomea kitandani. Nilipofika kwa Ruthie nikairudia. Kila Jumapili! Ukuta kwa ukuta! Nikae na sufuria yangu nimsikilize mume wangu akimbembeleza mke wake kwa jirani? Nililia. Leetia akaniuliza, nikamweleza, akacheka mpaka akashika ubavu wake mbovu. "Wewe bibi," akasema, "kumpa hutaki, na apewe hutaki." Ndivyo nilivyo. Sitajisafisha mbele yako. Wivu ndio ulioninyanyua kitandani nikaomba fomu ya jina.

Ila kuna na jingine. Mchana ule nilimfunua mtoto nimtazame vizuri, nimejikaza, nikitegemea mwanamke mzima anikodolee macho. Nikaona mtoto ana njaa. Nikamfikiria yule mwenzangu, amelala hapa hapa, anapiga simu aulize nani anampikia mume wake, na mpishi ndiye mimi. Wagonjwa walikuwa wanapanda ndege kila wiki kuja huku. Ningejua ningewapa wampelekee uji uliogandishwa, hata bakuli moja. Nikamweka mtoto kifuani, nikamwita polepole, Leetia asisikie: Nivi. Hakukuwa na muujiza wowote. Alinyonya.

Fomu inasema Maridee Nivi.

Kisha nikampigia Davidee, televisheni ikazimwa kama kawaida. Nikaweka simu kwenye sikio la mtoto. Nikasikia, "Mke wangu." Mama, iliniuma. Sikudanganyi, imeniuma mpaka leo. Nikaichukua simu, na yeye akashusha sauti, adabu tupu kama mtu yuko kanisani: "Hujambo, mama mkwe?"

Nikamuuliza nimemkosea nini. Akasema, "Aliyemzaa mke wangu nimwite nani?" Mimi, mama mkwe wa mume wangu! Wamama wa koridoni walianguka kwenye viti. Nikamkatia simu.

Kama Ruthie bado hujampa jina, nakuomba usimpe.

Mwanao,
Maricel


Pangnirtung, 21 Machi

Mzazi mwenzangu Maricel,

Binti yetu hajambo? Mshono umekauka? Habari ya jina Davidee alishaniletea, akanikuta nakanda unga, nikaukanda mpaka ukaharibika. Lakini kuisoma kwa mkono wako ni kitu kingine. Dhoruba ilifunga uwanja wa ndege siku tisa, barua imefika jana pamoja na vitunguu vya duka.

Imechelewa. Ruthie alijifungua siku mbili baada yako, jina alishalipokea, na kurudi alisharudi. Kaa chini kabla hujaendelea kusoma.

Ni dume. Kilo nne na nusu, shingo haionekani. Majina yetu hayachagui kike wala kiume. Davidee alikwenda Jumapili na samaki wake, akainama akamwita mke wangu, mtoto akamjambia. Mumeo hakumaliza hata chai. Huyo ndiye wa kumwonea wivu, ukiweza. Na jina halipungui kwa kugawiwa. Nivi mwenyewe nyumba moja haikumtosha.

Sasa huo umama mkwe, usiukatae haraka. Mimi nimeukalia miaka kumi na miwili. Davidee akiua sili baharini, ini lake huletwa kwa mama mkwe kabla ya mtu yeyote, likiwa bado na moto. Hata Nivi alipofariki, hata alipokuoa wewe, hakuacha. Jana ameua, wa kwanza tangu dhoruba. Nikakaa dirishani, kisu changu nimekinoa, chai iko tayari. Nikamwona anakuja na bakuli. Akapita. Hakugeuza hata shingo. Kalipeleka kwako, kaliweka kwenye friza, na juu yake ameandika kwa kalamu nene MAMA MKWE.

Maneno ya kukuandikia yalinijia yote, moto kweli kweli. Nimeyameza, nikayateremshia chai.

Ndege yenu ni Alhamisi. Uwanjani nitakuwepo, na binti yangu nitambeba mimi mpaka nyumbani, usibishane. Ukishavua koti, kata ini. Unikatie na mimi.

Mzazi mwenzako,
Elisapee